Chokaa Ilibaki Nyeupe

Tarehe 4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu utaitupa bahasha hata kabla hujaifungua, kwa hiyo nimemwomba Mama aandike anwani kwa mkono wake. Ukishafika mstari huu umeshanaswa, basi malizia.

Simu yangu umeifungia, huu ni mwaka wa pili. Barua pepe za kazini Mkuu anazisoma zote, hata zile za kuulizana nani kamaliza maziwa kwenye friji. Imebaki karatasi. Nimeandika kwa kalamu mpaka vidole vinauma, nimesahau kabisa kwamba kuandika ni kazi ya mikono.

Nina shida. Vidhibiti vipya vya lifti vinaganda. Kwenye ukumbi wa majaribio lifti zinapanda na kushuka siku nzima bila tatizo, halafu ghafla moja inasimama, taa zinawaka, vitufe havijibu. Ukiizima na kuiwasha, inaamka kama mtu aliyezimia, haikumbuki lolote. Mkuu anasema ni umeme. Mafundi umeme wanasema ni programu. Mimi niliyekalia kiti chako nawaitikia wote kwa kichwa, halafu naenda chooni kunawa uso.

Jengo tunalolifungia lifti hizi ni jipya, ghorofa tisa. La nani, siruhusiwi kusema mpaka ufunguzi ukaribie. Tumekula kiapo cha siri. Nakuambatishia kurasa za kiini, ile programu ya chini kabisa inayozigawia kazi nyingine muda na kumbukumbu. Sehemu kubwa bado ni mwandiko wako. Kifungu cha kurekodi hitilafu tu ndicho sina maandishi yake. Mkuu amekileta kikiwa tayari kimegeuzwa lugha ya mashine, na maandishi ya asili anayo yeye peke yake.

Nikishindwa kazi hii nimekwisha, Dada. Mama hajambo, miguu tu inamvimba. Anauliza kwa nini hatukutani tena sikukuu, na mimi namwambia una kazi nyingi.

Mdogo wako


Tarehe 13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Bahasha nimeifungua kwa ajili ya mwandiko wa Mama, na nimekasirika mara mbili: kwa kukukuta wewe ndani, na kwa kuona umemfanya Mama chambo.

Hebu tukumbushane, maana naona kiti changu ni laini na kimekulaza usingizi.

Kila kazi ndani ya kile kidhibiti, kusikiliza vitufe, kupima uzito, kuongoza mlango, hupewa kipande kidogo cha kumbukumbu cha kuwekea vitu vyake vya muda, kimoja juu ya kingine. Tulikiita rundo. Bodi ya kielektroniki ni ndogo, kumbukumbu ni haba, marundo yamebanana kama familia kubwa iliyopanga chumba kimoja. Rundo la mmoja likizidi, linamwagikia kwa jirani, na jirani hana habari. Anaendelea na kazi akidhani anachokikuta ni chake. Kwa sababu hiyo niliweka mlinzi mwishoni mwa kila rundo, kijisehemu ambacho kikiguswa tu, lifti inasimama salama. Na juu ya mlinzi nikaweka kikomo: kifungu chochote kinachotaka nafasi kubwa kuliko niliyoipanga, kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ikikatae palepale, kisifike hata kwenye bodi. Mlinicheka mkaniita Bi Kikomo. Nilivumilia, maana lifti zilikuwa zinafika.

Mkuu akaandika kifungu chake cha kurekodi hitilafu, kinene kama yeye, na kompaila ikakikataa. Nikamwambia akipunguze. Akasubiri nimekwenda likizo, akakizima kikomo, akakiingiza. Wiki ileile mlango ukafunguka lifti ikiwa kati ya ghorofa mbili, na Mama Ndoo, yule mama wa usafi, akatoka na ndoo zake akidhani amefika. Nyonga ikavunjika. Uchunguzi ukaandika kwamba kosa ni la Bi Kikomo, eti mlinzi wangu ndiye aliyeuchanganya mlango. Chini ya maneno hayo kulikuwa na sahihi mbili. Ya Mkuu niliitarajia.

Sasa niko kwenye karakana ya mashine za kufulia, juu ya duka la mtu anayeshona viti. Siku nzima nanusa risasi ya kuchomelea nyaya na sponji kuukuu. Hakuna kampuni ya lifti, ya treni, wala ya mashine za hospitali itakayonipa kazi maadamu karatasi ile ipo. Nataka kitu kimoja tu duniani: watu walioisoma karatasi ile wajue nani aliiharibu kazi ile. Na si kwa kuambiwa. Waone kwa macho yao.

Kurasa zako nimezisoma zote, mkono una mazoea yake. Nilichokiona sikisemi. Nijibu kwanza: siku ya ufunguzi, nani atapanda lifti?

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni kwa Mama, akaniuliza kwa nini macho yamekuwa mekundu. Nikamwambia ni moto wa jiko.

Siku ya ufunguzi atapanda Mkuu, na wageni rasmi, na waandishi wa habari. Mkuu anataka lifti ijae kabisa, iende mpaka ghorofa ya juu, na kamera zimsubiri kule mlango ukifunguka. Ameshanunua suti. Tumelazimika kuiona wote.

Kuhusu sahihi yangu, sema utakavyo. Hukuwepo kwenye chumba kile. Mkuu aliweka karatasi mbili mezani, moja ya maelezo na moja ya kuniachisha kazi, akaniambia nichague kalamu ya kutumia. Mama alikuwa anasubiri upasuaji wa macho. Wewe una mkono wa dhahabu, nilijua hutalala njaa. Mimi nina nini? Mimi ni mtu wa kukariri kazi zako.

Unakumbuka chumba chetu cha utotoni? Baba anarudi kutoka kupaka rangi za watu na ndoo ya chokaa ya unga, wewe unaichota na kuimwaga mstari mpana katikati ya sakafu, huu upande wako, ule wangu. Asubuhi unainama kutafuta nyayo zangu kwenye chokaa. Peremende zako zilikuwa zinaisha na hukuwahi kunikamata hata siku moja. Ulikuwa unalia kwa hasira, na Baba anasema labda ni panya.

Nisaidie, Dada. Niambie umeona nini.

Mdogo wako


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Nimefikiri, na moyo umepoa. Damu ni damu. Chukua kalamu.

Rundo la kazi ya kupima uzito ni dogo mno. Mmeongeza vipimo vipya na hamkuongeza nafasi. Liongeze maradufu, na kuganda kule kwa ghafla kutakoma.

Halafu pima yote kwa njia yetu. Kabla ya kuwasha, yajaze marundo yote alama moja isiyofanana na kitu kingine chochote. Paka chokaa. Kisha iendeshe lifti siku nzima, ipakie magunia ya mchanga, bonyeza vitufe vyote, waachie mafundi mlango wauchezee. Jioni isimamishe uangalie chokaa imefutika hadi wapi katika kila rundo. Palipofutika pametumika. Palipobaki peupe hapajaguswa. Ikibaki nyeupe ya kutosha mwishoni, andika ripoti ya usalama, weka sahihi yako, lala usingizi.

Kile kifungu cha Mkuu cha kurekodi hitilafu usihangaike nacho. Kimefungwa, huwezi kukifungua, na Mkuu hapendi kuguswa vitu vyake.

Suti ya Mkuu ni rangi gani? Nauliza tu.

Dada yako


Tarehe 1 Machi

Mama yangu Ndoo,

Nakusalimu na kukuombea nafuu. Uliniambia siku ile hospitalini nisije kukutembelea tena mpaka niwe na habari. Sasa ninayo.

Mdogo wangu ameniletea kurasa za kidhibiti kipya. Ndani yake kuna jina la kifungu kilekile cha Mkuu kilichofungua mlango ukatoka hewani. Hakukipunguza hata chembe. Amekifunga tu, kisionekane. Kipimo nilichompa mdogo wangu hakitakigundua, na mimi ndiye pekee ninayejua, kwa sababu mimi ndiye niliyekikataa.

Kifungu hicho huamka mambo mawili yakitokea pamoja: lifti imezidiwa uzito, na mlango umezuiwa. Siku ya ufunguzi Mkuu atawajaza wageni humo, na yule wa mwisho atajibana mlangoni na tumbo lake. Usiogope, mlango hautafunguka safari hii. Baada ya ajali yako waliweka kufuli la chuma, na nimeangalia jirani wa rundo lile ni nani: ni kazi ya vitufe. Lifti itaganda tu. Mkuu atakaa humo na suti yake mpya, wageni wakimtolea jasho, kamera zikingoja mlango usiofunguka. Kisha watatafuta sababu mbele ya watu, na watakuta ni yeye.

Na aliyeandika kwamba lifti ni salama naye atakutwa. Nimeshaiona sahihi yake chini ya uongo mmoja, eti Mkuu alimtishia kazi, nataka na watu wengine waione chini ya wa pili.

Mimi sitafanya kitu chochote. Nitanyamaza tu.

Bi Kikomo


Tarehe 9 Machi

Mwanangu Bi Kikomo,

Barua imefika nimeisoma kwa miwani ya jirani. Mimi siku hizi ni mtu wa kiti. Nakaa dirishani nawahesabia watu viatu.

Kukwama saa moja, wewe unaita adhabu? Mimi nimekwama tangu siku ile, chooni napelekwa. Ungeniuliza, ningekuambia mlango ufunguke. Lakini hukuniuliza, umenipa habari tu, na nyonga ni yangu.

Haya, wakwame. Nitafutie namna ya kuwepo nikatazame. Ila jambo moja sijalielewa. Huyo mdogo wako unasema atasaini kwa kukuamini wewe. Mkuu alimdanganya kwa vitisho, wewe unamdanganya kwa upole. Nipigie hesabu hiyo vizuri, mimi shule niliishia njiani.

Mama Ndoo


Tarehe 18 Machi

Dada,

Chokaa ni nyeupe! Niliongeza rundo la uzito kama ulivyosema, na kuganda kumekwisha. Nimepaka, nimepakia, nimewaachia mafundi mlango wakauchezea mpaka wakachoka. Jioni nikaangalia. Mwisho wa kila rundo peupe, peupe kiasi cha kunishangaza.

Sasa kaa kitako. Nimemwambia Mkuu kwamba ripoti haiwezi kubeba jina langu peke yake, kwa sababu kipimo si changu. Nimemwambia itabeba jina lako, kama mpimaji mkuu, juu ya langu. Alinuna, akazunguka meza, akakubali, maana siku zimebana. Jina lako limechapwa. Wote walioisoma ile karatasi ya zamani wataisoma na hii. Si ulitaka waone kwa macho?

Kiapo cha siri kimefunguliwa leo, kwa hiyo naweza kukuambia. Jengo ni wodi mpya za upasuaji, za ile hospitali kubwa. Lifti zetu ni za vitanda. Ufunguzi ni tarehe mbili Aprili asubuhi, na alasiri ileile wahudumu wataanza kuwapandisha wagonjwa, kitanda na mtungi wa hewa na wauguzi wawili pembeni. Mama anakwenda kusema kwa majirani kwamba wanawe wameelewana.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi
(Kwa mkono wa dereva wa basi la vifurushi. Ifunguliwe leo.)

Ukurasa wa 1

Mdogo wangu,

Nimekufungulia simu, nimekupigia tangu jana, inaita hupokei. Una nini?

Litoe jina langu kwenye ripoti. Leo, si kesho. Ripoti hiyo ni ya uongo, na nilijua ni ya uongo siku nilipokufundisha kuiandika. Miaka miwili nimeng'ang'ania jina hili kwa meno, nimelala nalo na kuamka nalo, sikubali lichapwe kwenye karatasi kama hiyo. Kama ni kunikomesha umenikomesha, haya, litoe.

Sababu ni hii. Kile kifungu cha Mkuu cha kurekodi hitilafu kinaomba nafasi kubwa mno kwenye rundo, ya kutungia ujumbe wake mrefu, halafu nafasi yenyewe hakiijazi. Inabaki tupu. Kinakwenda kuandika kule mwisho wake tu, na huko mwisho kimeshampita mlinzi, kimeingia kwa jirani. Katikati hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo chokaa ya katikati haifutiki. Umeona peupe, ukadhani hajapita mtu. Huamka lifti ikizidiwa uzito na mlango ukizuiwa kwa pamoja. Wewe ulijaribu kimoja kimoja kwa sababu mimi nilikuandikia kimoja kimoja.

Ndicho kilichomvunja Mama Ndoo. Si mlinzi wangu. Nilitaka kiamke Mkuu akiwa ndani mbele ya kamera, na wewe ukiwa umesaini. Nilitaka muanguke wote wawili siku moja, na mimi nije kutazama nimekaa.

Ukurasa wa 2

Dawa yake unaijua. Mlazimishe Mkuu atoe maandishi ya kifungu chake, uwashe kikomo, ukipitishe kwenye kompaila. Itakikataa hapohapo, kama ilivyokikataa siku ya kwanza. Kisha mlinzi apanuliwe, awe mpana kuliko kifungu kikubwa kabisa kinachoruhusiwa, ili pasiwe na kinachoweza kumvuka.

Nilidhani ni jengo la ofisi. Hukuniambia. Kitanda na mtungi na wauguzi wawili ni uzito wa kutosha, na gurudumu la kitanda kuzuia mlango ni jambo la kila siku. Usiruhusu mgonjwa hata mmoja apande.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Simu zako niliziona zote. Nilikuwa nimekaa nayo mkononi, inaita, naitazama. Nilitaka uniambie kwa maandishi.

Hukuwahi kujua peremende zako zilikuwa zinakwendaje. Nilikuwa napanda ukingo wa kitanda changu, naruka, natua kitandani kwako. Chokaa ilikuwa katikati, sikuikanyaga hata mara moja. Kwa hiyo nilipoiona chokaa ya lifti nyeupe vile, jioni ya siku ya kazi nzito, sikufurahi kama nilivyokuandikia. Nilisimama pale ukumbini nikasema huyu ananijua mimi, na mimi namjua. Kuna kitu kinaruka, na Dada anakijua, na amenyamaza. Ila sikujua ni kipi. Vifungu vyangu vyote nilivipitisha kwenye kikomo, vikapita. Kilichobaki ni kile kilichofungwa, nacho Mkuu hawezi kukifungua eti kwa sababu tu mimi nina wasiwasi. Kilihitaji neno la mtu anayejua. Nikajiuliza nini kitakachokufanya useme. Nikaliweka jina lako.

Ripoti haikuwahi kutoka mezani kwangu. Wagonjwa wasingepanda, ningekata nyaya kwa meno.

Barua yako sikumpelekea Mkuu. Nilimpelekea mkaguzi wa lifti wa serikali, ofisini kwake, akaisoma mbele yangu huku chai yake inapoa. Akaenda hospitali akaibandika lifti karatasi nyekundu. Siku ya ufunguzi wageni walipanda kwa ngazi, ghorofa tisa, wengine viatu mkononi. Mkuu alibaki chini, alisema goti. Mama Ndoo alikuwepo, nilimtumia gari, alikaa mbele kabisa na kiti chake cha magurudumu, alicheka mpaka akafuta macho.

Siku ya pili yake tukakaa mbele ya kamati. Mkuu alilazimishwa kutoa maandishi ya kifungu chake. Nikawasha kikomo mbele ya wote, nikakipitisha. Kompaila ikakikataa kabla Mkuu hajamaliza kufunua mdomo. Ameondolewa, na uchunguzi wa zamani umefutwa. Imeandikwa kwamba mlinzi wako hakuwa na kosa lolote. Mimi nimeulizwa kuhusu sahihi yangu ya wakati ule, nikajibu kama ilivyokuwa, na nimefukuzwa jana. Kiti chako sasa hakina mtu.

Sasa sikiliza. Kurasa zilikuwa mbili, na ukurasa wa kwanza una mstari ule unaosema ulijua. Ningeweza kuwasimulia kwa mdomo tu, kwamba dada yangu amekumbuka kifungu cha zamani akaniarifu. Ungetoka pale shujaa. Mkaguzi aliniuliza kama nina uhakika nataka barua yote iingie kwenye jalada. Nikamwambia iingie yote.

Sikufanya hivyo kwa sababu ulitaka nianguke. Hilo nililistahili, na moyoni nilikuwa nalisubiri. Nilifanya hivyo kwa sababu niliisoma barua yako mara nyingi nikitafuta wagonjwa wako wapi. Jina lako liko juu kabisa, ukurasa wa kwanza. Wagonjwa wako ukurasa wa pili, chini. Mama Ndoo naye alisomewa yote mbele ya kamati. Kufika pale kwenye vitanda hakucheka tena. Alisema tu, "Kumbe na sisi tulikuwa magunia ya mchanga."

Watakuita. Utaulizwa kwa nini ulijua kwa wiki tatu ukanyamaza. Wanasema huenda wakakuzuia moja kwa moja kugusa mashine zinazobeba watu.

Tumekuwa sawa sasa, nadhani.

Mdogo wako


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Wameniita, nimekwenda. Chumba kina feni inayopiga kelele na viti vya plastiki. Wameniuliza ulichosema wataniuliza, nikasema ndiyo kwa kila swali, maana yalikuwa kweli yote. Nimezuiwa. Lifti, treni, mashine za hospitali, zote, moja kwa moja. Ndani ya saa moja nimerudishiwa jina langu na kunyang'anywa kazi ya kulitumia. Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi na kulia kwa hasira, kama wakati ule wa peremende.

Kisha wakanipa nakala ya maelezo yako, nisome. Nimeyasoma yote nikatazama chini. Sahihi ni ileile, ina mkia uleule unaojidai. Safari hii hakuna neno moja la uongo juu yake. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia mpaka kaburini, na sasa unaniharibia.

Nimekwenda kwa Mama Ndoo. Hakunikaribisha ndani. Nimeongea naye nimesimama nje ya dirisha, yeye akivitazama viatu vyangu. Alisema nirudi tena, lakini nisirudi na habari.

Mama ameniandikia. Anasema unashinda nyumbani, unamtengenezea vitu ambavyo havijaharibika, na redio yake sasa haisemi. Mwache mwanamke wa watu. Hapa karakana meza ya pili iko wazi, na mashine za kufulia zimerundikana mpaka mlangoni. Hazibebi mtu, hakuna atakayetuzuia. Sijakusamehe, na wewe usinisamehe, tusidanganyane tena kwa upole.

Njoo Jumatatu na bisibisi zako. Utakaa upande wako. Chokaa nimeshanunua, nitaimwaga chumba kizima, nione utarukia wapi.

Dada yako